Kwa nini mji huchelewa kupoa usiku ilhali mashamba yanayouzunguka yamekwisha kupoa?

Msafiri wa Jioni (mleta mada)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Nina swali ambalo limenikaa kichwani kwa muda mrefu, na ninaomba mwenye ujuzi anisaidie kulifumbua. Kazi yangu hunilazimu kutoka mjini kwa pikipiki kila usiku, mara nyingi kati ya saa mbili na saa tatu, kuelekea kijiji kilicho umbali wa kilomita kumi na tano hivi. Nikishazipita nyumba za mwisho na kuanza kukata mashamba, hewa inayonipiga usoni hubadilika ndani ya dakika chache, na ikiwa siku hiyo nimesahau koti, hujuta kabla sijafika nusu ya safari. Asubuhi ninaporudi, yapata saa tatu, tofauti hiyo siioni kabisa, na zipo siku ambazo nathubutu kusema kuwa mji ulikuwa na ubaridi kidogo kuliko shamba.

Hapo mwanzo nilidhani ni upepo wa mwendo tu, lakini mwendo ninao mjini pia. Basi nilifunga kipimajoto kidogo cha kidijitali kwenye usukani, mbali na injini, nikawa nakisoma mahali palepale kila safari: kwanza kwenye taa za mwisho za kuongozea magari, kisha kwenye daraja lililo katikati ya mashamba. Juma lililopita, usiku mmoja usio na wingu hata moja, kilionyesha nyuzi 27 za Sentigredi mjini na nyuzi 22 darajani. Siku mbili baadaye mawingu yalikuwa mazito na upepo ulikuwa ukivuma, na tofauti haikufika hata nyuzi moja.

Wenzangu kazini hunipa maelezo mawili, yaani moshi na joto la magari, na wingi wa watu. Mimi hayaniridhishi. Ikiwa magari ndiyo chanzo, mbona tofauti huwa kubwa saa tatu usiku barabara zinapoanza kuwa tupu, na hutoweka asubuhi zinapofurika? Na ikiwa ni watu, watu hao hao wamo mjini usiku wenye mawingu na usiku usio na mawingu. Mawingu yanaingiaje katika jambo hili?

Mpima Hewa

Ndugu Msafiri wa Jioni, umefanya jambo ambalo wengi wanaojadili suala hili hawalifanyi: umepima kabla ya kuuliza. Vipimo vyako viwili, cha usiku mweupe na cha usiku wa mawingu, vimebeba karibu jibu lote, na kazi yangu itakuwa kuvifungua tu.

Jambo uliloligundua lina umri mrefu. Mwaka 1818 Luke Howard, mtengenezaji wa dawa wa London ambaye ndiye pia aliyeyapa mawingu majina ya Kilatini tunayoyatumia hadi leo, alianza kuchapisha vipimo vya hali ya hewa ya jiji hilo. Alipolinganisha vipimo vya ndani ya jiji na vya viunga vyake vya mashambani, alikuta kwamba usiku jiji lilikuwa na joto zaidi kwa wastani wa takribani nyuzi 2 za Sentigredi, na kwamba mchana lilikuwa na ubaridi zaidi kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi. Yeye naye, kama wenzako, alinyooshea kidole mioto ya majumbani na msongamano wa watu, na kwa London ya makaa ya mawe hakukosea sana. Hata hivyo sababu kubwa ziko kwingineko, na ili kuziona inatubidi tufuate jua linakoipeleka nishati yake tangu asubuhi.

Adhuhuri isiyo na mawingu, jua likiwa utosini, kila mita ya mraba ya ardhi hupokea nishati inayokaribia wati 1,000. Watu wengi huishia kwenye rangi: lami ni nyeusi, kwa hiyo inanyonya jua. Ni kweli kwamba lami mpya hurudisha angani takriban asilimia 5 tu ya mwanga unaoiangukia, lakini lami iliyochakaa hupauka na kurudisha asilimia 10 hadi 15, na nyasi zenyewe hurudisha kati ya 20 na 25. Ukizingatia kuwa mji una pia zege na kuta nyeupe, tofauti ya rangi kati ya mji mzima na shamba ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kinachotofautiana sana ni hatima ya nishati baada ya kunyonywa.

Shambani, mahali penye unyevu, sehemu kubwa ya nishati hiyo hutumika kugeuza maji kuwa mvuke, kwenye udongo na zaidi kwenye majani. Kukausha lita moja ya maji hula nishati sawa na ya jiko la umeme la wati 1,000 linalowaka kwa dakika 40, na nishati hiyo huondoka na mvuke bila kukipandisha kipimajoto hata kidogo. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha unaweza kupitisha lita 100 kwa siku. Fanya hesabu mwenyewe uone ni majiko mangapi. Mjini mvua ikinyesha, maji huteremka paa, huingia mtaroni na kwenda zake kabla hata mawingu hayajafunguka. Jua likitoka halikuti cha kukausha, kwa hiyo nishati yote inabaki na njia mbili: kuipasha hewa moto, au kuingia ndani ya kuta na barabara.

Hiyo njia ya pili ndiyo inayokuhusu wewe na pikipiki yako. Mita moja ya ujazo ya zege ikipoa kwa nyuzi moja hutoa joto la kutosha kupandisha kwa nyuzi moja hewa ya zaidi ya mita za ujazo 1,500. Asubuhi kuta na barabara zimepoa, na ndipo zinapoanza kuvuta joto kwa uchu. Shamba lenye ngozi nyembamba ya udongo mkavu juu yake hupata moto haraka, wakati mji bado unameza. Ndiyo maana saa tatu asubuhi unaweza kuukuta mji ukiwa na ubaridi, na hukukosea kuthubutu kusema hivyo. Jua likizama, akiba yote ya mchana huanza kurudishwa, na hurudishwa polepole usiku kucha.

Sasa mawingu. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, na ardhi ya shamba usiku huitoa moja kwa moja kuelekea angani. Mbingu isiyo na mawingu hurudisha kidogo kuliko inavyopokea, hivyo shamba hupoa kwa kasi. Mawingu mazito hurudisha mionzi mingi chini, kama blanketi, na shamba hushindwa kupoa. Mjini hali hiyo ya kushindwa kupoa ipo kila siku kwa sababu ya umbo la mitaa: ukisimama katikati ya mtaa mwembamba wenye maghorofa pande zote mbili, ukitazama juu unaona ukanda mwembamba wa mbingu tu, na ukuta uliokuelekea unapokea mionzi ya ukuta mwenzake na kumrudishia. Timothy Oke, mwanasayansi aliyefanya kazi Kanada, alionyesha mwaka 1981 kwamba kadiri majengo yanavyokuwa marefu yakilinganishwa na upana wa barabara, ndivyo tofauti ya juu kabisa ya usiku kati ya mji na shamba inavyoongezeka. Katika miji mikubwa, usiku mtulivu usio na mawingu, tofauti hiyo imewahi kufika nyuzi 10 na zaidi.

Kwa hiyo usiku ule wa nyuzi 27 na 22, mji haukupata moto mpya baada ya jua kuzama. Shamba lilipoa likauacha mji nyuma. Usiku wa mawingu shamba nalo lilibaki nyuma, na upepo ukazichanganya hewa za pande zote mbili, basi ukakosa cha kupima. Kwa kawaida tofauti hufikia kilele saa chache baada ya machweo, wakati huohuo unaokuwa njiani.

Magari, viyoyozi na viwanda vina sehemu yake, nisije nikaonekana navitetea. Mwili wa mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, na katika vitovu vichache sana vya majiji makubwa, kama katikati ya Tokyo, joto linalotokana na shughuli za binadamu limekadiriwa kuzidi wati 400 kwa mita ya mraba wakati wa mchana. Lakini huko ni kwenye misitu ya maghorofa. Katika mji wa kawaida mchango huo ni mdogo ukilinganishwa na jua.

Fundi Mwashi

Naunga mkono maelezo ya Ndugu Mpima Hewa, na ningependa kuongeza jambo kutoka kazini, kwa kuwa sisi mafundi hushinda juu ya vitu hivi anavyovitaja.

Nina kipimajoto cha kulenga, kile chenye umbo la bastola kinachosoma joto la uso wa kitu bila kukigusa. Siku moja ya jua kali, saa nane mchana, nilikizungusha eneo la ujenzi lote. Barabara ya lami ilisoma nyuzi 59, sakafu ya zege isiyo na kivuli nyuzi 48, nyasi za jirani zilizomwagiliwa nyuzi 33, na hewa yenyewe kivulini ilikuwa nyuzi 31. Nilirudi saa nne usiku kwa sababu ya kumwagilia zege jipya, nikarudia zoezi lile. Nyasi zilikuwa nyuzi 20, chini kuliko hewa, na umande ulikwisha kuzishika. Lami ilikuwa bado nyuzi 32, na ukuta wa tofali uliopigwa jua la alasiri ulikuwa nyuzi 31, kiasi kwamba ukiweka kiganja karibu yake bila kuugusa ulihisi joto likikufuata.

Kilichonichanganya ni bati. Bati jipya linalong'aa lilisoma chini ya nyuzi sifuri, jambo ambalo hata mtoto angelikataa. Nilidhani betri imekwisha. Baadaye nilielewa kwamba chuma kinachong'aa kwa aina hiyo ya kipimajoto ni kama kioo: nilikuwa nasoma mbingu iliyo baridi ikijitazama kwenye bati, na bati lenyewe sikulipima. Dawa yake ni kubandika kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme juu ya bati, kusubiri dakika chache, kisha kulenga utepe. Nilipofanya hivyo nikapata nyuzi 21. Ninalisema hili kwa sababu watu hupiga picha za vipimajoto hivi na kuzisambaza mitandaoni bila kujua walichokipima.

Somo nililolipata kuhusu mapaa ni hili: bati ni jembamba, halina mahali pa kuweka akiba. Mchana hukuchoma, lakini jua likizama hupoa upesi. Dari la zege hufanya kinyume chake, mchana hukulinda kwa muda, kisha saa mbili usiku, unapotaka kulala, huanza kukumwagia joto la saa nane. Wenye nyumba wengi hunilaumu kwa joto la usiku wakidhani nimekosea vipimo vya madirisha.

Mpima Hewa

Fundi, utepe wako mweusi umenifurahisha sana. Umegusa pia kosa kubwa ambalo nilisahau kulionya. Kuna joto la uso, analopima Fundi kwa bastola yake na ambalo satelaiti hupima kutoka angani, na kuna joto la hewa, ambalo vituo vya hali ya hewa hulipima kivulini, kati ya mita moja na robo na mita mbili juu ya ardhi. Mchana, uso wa mji unaweza kuzidi uso wa mashamba kwa nyuzi 10 au zaidi, wakati hewa imezidi kwa nyuzi moja au mbili tu. Mtu akikuonyesha ramani nyekundu ya satelaiti na kukuambia kuwa mji una joto zaidi kwa nyuzi 12, muulize kwanza anazungumzia joto la nini.

Sina Hakika

Nimefuatilia mjadala kwa makini, na umenizalia shaka ambayo naomba nisichekwe kwa kuitoa. Vituo vingi vya hali ya hewa vilijengwa zamani pembezoni mwa miji, na sasa miji imevimeza. Ikiwa mji kwa asili yake huchelewa kupoa, basi vipimo vya vituo hivyo lazima vipande hata kama dunia yenyewe haijabadilika. Je, si kweli basi kwamba ongezeko la joto duniani tunaloambiwa ni joto la miji tu lililoandikwa kwa jina jingine?

Mpima Hewa

Hakuna wa kukucheka, Ndugu, kwani watafiti wenyewe waliiuliza shaka hiyo zamani na wakaijaribu kwa njia mbalimbali. Njia ninayoipenda zaidi ni ile ya David Parker wa Uingereza, iliyochapishwa mwaka 2004, na utaona inafanana na vipimo vya mwenye mada. Tumekwisha kusema kwamba upepo hufuta tofauti ya mji na shamba. Ikiwa ongezeko la joto lililorekodiwa kwa miongo mingi lingekuwa limetokana na miji, lingepaswa kuonekana zaidi katika vipimo vya siku zenye utulivu na kupungua katika vipimo vya siku zenye upepo. Parker alizitenganisha siku hizo katika vituo vya sehemu mbalimbali za dunia, akakuta kasi ya ongezeko ni ileile kwa zote mbili.

Zaidi ya hapo, bahari zinazofunika takriban asilimia 71 ya uso wa dunia nazo zimepata joto, na hakuna aliyejenga mji juu yake. Sehemu inayopata joto kwa kasi kubwa ni ya kaskazini kabisa ya dunia, ambako hata vijiji ni vya kutafuta. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, katika ripoti yake ya mwaka 2013, lilihitimisha kwamba haielekei athari za miji na matumizi ya ardhi zimechangia zaidi ya asilimia 10 ya ongezeko lililopimwa nchi kavu kwa ujumla. Kwa mji mmoja mmoja unaokua haraka mchango unaweza kuwa mkubwa kuliko huo, na hapo shaka yako ina haki yake.

Lakini kwa mtu anayeishi mjini, mabishano hayo hayampunguzii kitu, kwa sababu joto la dunia na la mji humjia pamoja. Tangu mwaka 2007 hivi, zaidi ya nusu ya binadamu wote ni watu wa mijini. Wimbi la joto la Julai 1995 liliua zaidi ya watu 700 katika jiji la Chicago peke yake, na lile la mwaka 2003 liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa. Waliokufa wengi walikuwa wazee, na wengi waliishi peke yao. Tunapofikiria joto kali akili hukimbilia adhuhuri, lakini mwili uliochoshwa na mchana hutegemea usiku ili ujirudishe, na usiku ndio wakati ambao mji humnyima mtu nafuu.

Msafiri wa Jioni (mleta mada)

Nawashukuru sana. Sikutarajia kuwa safari yangu ya kila siku ingefika hadi Chicago. Nina swali moja la nyongeza. Ikiwa chanzo ni maji yaliyofukuzwa, kuta zilizobeba akiba na mbingu iliyozibwa, basi kipi kinafaa kufanywa? Nasikia wengine wakisema tupake mapaa rangi nyeupe, wengine tupande miti, na walio na uwezo wananunua viyoyozi tu na kunyamaza.

Mtunza Miche

Nitajibu sehemu ya miti, kwa kuwa ndiyo riziki yangu, na nitajitahidi nisiipigie debe kupita kiasi.

Mti hukupa vitu viwili, kivuli na uvukizi, na kwa mtu anayetembea barabarani kivuli ndicho kinachookoa zaidi, maana kinazuia jua lisimfikie yeye wala lami anayoikanyaga. Uvukizi una sharti lake: lazima mizizi ipate maji. Nimewahi kuona bustani za nyasi zilizopandwa kwa sherehe kubwa zikigeuka kahawia katika kiangazi cha kwanza, na nyasi zilizokauka hazitofautiani sana na kiwanja kitupu. Mti uliochimbiwa shimo la ndoo moja katikati ya zege huishi kwa shida na hauvukizi cha maana. Jambo jingine ambalo wauza miche hatulisemi ni kwamba miti iliyofungamana juu ya mtaa mwembamba kama paa hufanya usiku kazi ileile ya mawingu, yaani huziba mbingu na kuchelewesha mtaa kupoa, na moshi wa magari nao hukwama chini yake. Ni afadhali kuacha uwazi kati ya kilele na kilele.

Kuna mfano unaogeuza mada hii juu chini. Katika nchi za jangwa, mji wenye bustani zinazomwagiliwa mara nyingi huwa na uso baridi kuliko jangwa linaloizunguka wakati wa mchana, kwa sababu huko nje ndiko hakuna maji. Usiku hali hurudi kuwa ile aliyoieleza Ndugu Mpima Hewa.

Mpima Hewa

Mtunza Miche amemaliza upande wa miti. Kuhusu rangi nyeupe, kwenye paa inafaa: paa lililopakwa vizuri hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na anayenufaika kwanza ni aliyelala chini yake. New York na Ahmedabad ni kati ya majiji yaliyoendesha mipango ya kupaka mapaa. Hata hivyo rangi huchafuka kwa vumbi na ukungu, na paa lisilosafishwa hupoteza faida yake kidogo kidogo. Kwenye barabara ni hadithi nyingine. Los Angeles ilipopaka baadhi ya barabara zake rangi inayorudisha mwanga, watafiti walipima wakakuta uso wa barabara umepoa kweli, lakini adhuhuri mtembea kwa miguu alipokea mionzi mingi zaidi, kwa kuwa mwanga uliokataliwa na barabara ulimwangukia yeye.

Kiyoyozi hakiumbi ubaridi. Huhamisha joto kutoka chumbani kwenda barabarani, na huongeza juu yake joto la umeme kinaoutumia. Kikiondoa sehemu tatu ndani, hutoa kama sehemu nne nje. Kwa mgonjwa au mzee wakati wa wimbi la joto ni kuokoa maisha, na sitamlaumu yeyote anayekiwasha, ila jirani asiye nacho ndiye anayepokea mabaki.

Mimi binafsi naona kinachosahaulika zaidi ni hewa na maji. Stuttgart, jiji la Ujerumani lililo bondeni, limekuwa na wataalamu wa hali ya hewa katika uongozi wake tangu miaka ya 1930, na hulinda kwa makusudi njia za wazi kwenye miteremko ili hewa baridi ya usiku ishuke mpaka mjini bila kuzuiwa na majengo. Seoul nayo iliibomoa barabara ya juu iliyokuwa imeufunika mto Cheonggyecheon, na mwaka 2005 ikaufungua mto huo kwa urefu wa karibu kilomita 6. Vipimo vya majira ya joto vilionyesha hewa ya kando ya mto ikiwa na ubaridi kuliko ya barabara za jirani kwa nyuzi kadhaa.

Kabla sijasahau, Msafiri wa Jioni: umesema kipimo chako cha pili hukisoma darajani. Daraja liko bondeni? Hewa baridi ni nzito, na usiku mtulivu huteremka na kutuama mabondeni, iwe karibu na mji au la. Hewa ileile inayowasaidia watu wa Stuttgart inaweza kuwa inakutia wewe chumvi kwenye hesabu.

Msafiri wa Jioni (mleta mada)

Daraja liko bondeni, na tena bonde lenye kina. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo.

Jana usiku mbingu ilikuwa nyeupe na upepo haukuwepo, nikaamua kurudia. Safari hii nilisimama mara tatu, na kila mara nilizima injini na kusubiri dakika tano ili kipimajoto kitulie: kwenye taa za mjini, darajani, na kwenye shamba la mahindi lililo juu ya mwinuko ng'ambo ya daraja, ambalo kwa makadirio yangu liko usawa mmoja na mji. Nilipata nyuzi 26.5, kisha 21.3, kisha 23.2. Kwa hiyo karibu nyuzi mbili nilizokuwa nikiuhesabia mji zilikuwa za bonde, na zilizobaki, tatu na kidogo, ndizo za mji wenyewe. Leo nimenunua utepe mweusi wa Fundi, na nitaanza na ukuta wa nyumba ninayopanga.